Msee si Mzee: Maana ya Neno Iko Kati ya Watu Wawili

Leo tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata, tuzungumzie maneno. Usiondoke lakini! Tutarudi kwa kompyuta baada ya muda mfupi, na huenda tukarudi na ugomvi.

Jambo lenyewe ni hili. Yeyote anayeunda programu ambamo watu huzungumza, iwe ya gumzo, ya soko la mtandaoni au ya kupokea malalamiko ya wateja, hufika siku akaambiwa na mwenye mradi: "Tuwekee orodha ya maneno mabaya, yawe yanazuiwa yenyewe." Ombi hilo husikika kama kazi ya saa moja. Unafungua jedwali, unajaza matusi yote unayoyajua, unaandika mistari michache ya kulinganisha herufi, unaenda kunywa chai. Kwa Kiingereza hata huhitaji kufikiri, maana orodha za namna hiyo zimejaa mtandaoni, unapakua tu.

Kwa lugha tunayoongea Nairobi kazi hiyo haifaulu. Na sababu si ile tunayoambiwa kila siku, eti Sheng ni fujo isiyo na mpango. Sababu ni kwamba neno la mtaani halibebi maana peke yake. Maana yake iko kati ya anayesema na anayeambiwa. Ukiling'oa pale katikati ukalipanga kwenye jedwali, umebaki na ganda.

Ngoja nieleze taratibu, halafu utaniambia kama napotoka.

KUTOKA MZEE HADI MSEE

Chukua neno "msee". Asili yake ni mzee, neno la heshima kabisa. Mzee ni baba yako, ni mwenye mvi, ni mtu unayempisha kiti. Kwa miaka mingi hapa Kenya ukisema "Mzee" bila kutaja jina, watu walijua unamzungumzia Jomo Kenyatta. Vijana wakalichukua neno hilo, wakageuza z ikawa s, tukapata msee mmoja na wasee wengi. Maana yake leo ni mtu yeyote, jamaa, mwenzetu.

Angalia mambo mawili hapo. La kwanza, sarufi haikuguswa. Ngeli ni ile ile ya mtu na watu. Anayedhani Sheng haina sheria aende mtaani aseme "msee wamekuja" aone atakavyochekwa. Na maneno yaliyotoka Kiingereza nayo yamepewa makao: beshte mmoja, mabeshte wengi; dem, madem; mathe, mamathe. Ni utaratibu ule ule uliotupa madaktari na maofisa.

La pili ndilo lenye uzito. Ile heshima iliyokuwa ndani ya "mzee" haikutupwa, iligawanywa. Nikikuita mzee, nimejiweka chini yako kwenye ngazi. Nikikuita msee, nimeondoa ngazi kabisa, lakini bado nimekuhesabu kuwa mtu. "Buda" nalo limepita njia hiyo hiyo: ni baba, halafu ghafla ni rafiki yako wa rika moja.

Sasa tazama "bosi". Nani siku hizi si bosi Nairobi? Kondakta wa matatu humwambia abiria, "Bosi, songa kidogo." Abiria naye akitaka chenji yake, "Bosi, nilikupa soo." Mwenye gari aliyefika langoni usiku humwita soja bosi ili afunguliwe haraka, na soja akifungua hujibu, "Karibu, bosi." Hakuna aliyemwajiri mwenzake hapo. Neno hilo sasa linamaanisha hivi: sijui jina lako, nakuhitaji kwa dakika mbili, tusigombane. Ni kazi kubwa kwa neno la herufi nne! Katika jiji ambalo watu wasiojuana hubanana kila asubuhi, nadhani limezuia ngumi nyingi kuliko tunavyojua.

Lakini hebu mwite hivyo bosi wako halisi, mbele ya wenzako, kwa sauti ile ya kondakta. Utaona uso wake ukitafuta maana. Herufi ni zile zile, kilichobadilika ni nani kwa nani.

NYWILA INAYOBADILISHWA

Tuje kwa salamu. "Sasa" ni neno la wakati, kila mtoto wa darasa la kwanza analijua. Nairobi likageuka kuwa salamu, na jibu lake likawa "poa", neno ambalo hapo awali lilikuwa la uji na homa. Kisha ikaja "niaje", ambayo ni "ni aje" iliyounganishwa. Kisha "rada", kutoka kwa ile mitambo ya kutazamia ndege: "Rada?" yaani mambo yamekaaje, mpango ni gani.

Salamu hizi zina safari inayofanana. Huanzia kwa kikundi kidogo, labda mtaa mmoja wa Eastlands au darasa moja la shule ya bweni. Zikisambaa, huingia kwenye matatu. Kutoka matatu huingia redioni. Kutoka redioni huingia kwenye matangazo ya sabuni. Mwishowe mhubiri huzitumia akitaka vijana wasilale. Halafu siku moja baba mwenyewe, akiwa mezani na gazeti lake, anamwangalia bintiye na kusema, "Niaje?" Meza yote inanyamaza.

Neno halijafa siku hiyo. Limeacha tu kufanya kazi yake ya kwanza. Sisi wa kompyuta tunalielewa jambo hili vizuri kuliko wengi, kwa sababu ndivyo nywila inavyoishi. Nywila ikijulikana na jengo zima haiwi nywila mbaya kwa herufi zake, ila hailindi tena chochote. Unaibadilisha. Na vijana wanapobadilisha salamu wanafanya hivyo hivyo, wanabadilisha kufuli ya chumba chao. Si kwamba wanakuchukia wewe uliye nje. Wanataka kujua nani yuko ndani.

Unataka ushahidi? Linganisha maneno ya pesa na maneno ya watu. Mbao ni shilingi 20, finje ni 50, soo ni 100, thao ni 1,000. Maneno haya baba na mwana wanayatumia kwa maana moja bila aibu, kwa sababu ukihesabu pesa pande zote mbili lazima zikubaliane, na hakuna anayetaka kumfungia nje anayemlipa. Lakini neno la kumwita msichana mrembo? Supuu, msupa, manzi, dem, mresh... ukisikia mtu ametumia lipi unaweza kukisia alimaliza kidato cha nne mwaka gani! Neno linalobeba hesabu hudumu. Neno linalobeba ukaribu huchakaa, kwa sababu ukaribu huhitaji kuthibitishwa upya kila mara.

TUSI LA KIRAFIKI

Hapa ndipo orodha ya maneno mabaya inapovunjika kabisa.

"Fala" ni tusi, hakuna ubishi. Ni mjinga, mtu asiye na akili. Lakini watu wawili waliolelewa ploti moja wakikutana baada ya miaka mitatu, la kwanza kutamkwa huwa ni, "Wewe fala, ulipotelea wapi?" na wanakumbatiana. Tafsiri sahihi ya sentensi hiyo ni "nimekukosa sana". Hata "ghasia" na "takataka" zina maisha hayo mawili. Mwambie hivyo hivyo mtu usiyemjua mnayegombania naye nafasi ya kuegesha gari, uone.

Kwa nini tusi liwe dalili ya mapenzi? Naliona kama kupima daraja. Ukitaka kujua daraja ni imara, hupitishi kuku juu yake, unapitisha lori. Urafiki unaoweza kubeba "fala" bila kuyumba ni urafiki ambao pande zote mbili zinajua ni imara.

Ila tusijidanganye. Kuna wanaotumia mlango huu kuumiza. Meneja anamwita mfanyakazi mpya fala mbele ya watu, wote wanacheka, na yule kijana akinuna anaambiwa, "Ni mzaha tu, wewe huna ucheshi." Tutajuaje ni mzaha au ni dhuluma iliyovaa tabasamu? Mimi nina kipimo kimoja, na nakuomba ukishike kwa sababu nitakitumia hadi mwisho wa makala haya: je, aliyeambiwa anaweza kulirudisha neno hilo? Rafiki yako wa ploti atakujibu "fala ni wewe" na mambo yakaendelea. Yule mfanyakazi mpya hawezi. Hapo hakuna mzaha. Kuna mtu mmoja tu anayecheza.

Bosi hupita kipimo hiki: linaenda na kurudi. Msee hupita. Salamu zote za mtaani hupita, na ndiyo maana zinaleta ukaribu.

SIMU NAYO IMETUPA MANENO

Msidhani teknolojia iko nje ya jambo hili. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, walioandika jedwali la ada walikuwa wakifikiria biashara. Anayetuma hulipa ada yake, anayetoa pesa kwa wakala hulipa yake. Basi. Lakini Wakenya wakaona nafasi hapo: unaweza kumtumia mtu pesa na kumwongezea ile ada ya kutolea. Tukapata maneno matatu: "na ya kutoa". Ukiombwa shilingi 500 ukatuma 500, umesaidia. Ukituma na ya kutoa, umependa. Mama hutumiwa na ya kutoa. Mjomba anayeomba kila Jumatatu hutumiwa 500 kavu. Jedwali la ada likawa kipimo cha undugu!

Kisha kuna "kula fare". Zamani mgeni alijitafutia nauli, akarudishiwa akifika. Pesa zilipoanza kusafiri zenyewe, nauli ikawa inatangulia, na kosa jipya la kijamii likazaliwa: kutumiwa nauli, kuipokea, na kutotokea. Sheria za nchi haziitambui kesi hiyo kwa jina hilo, lakini mtaani ina jina, ina utani wake na ina hukumu yake.

WhatsApp walipoleta zile alama mbili za buluu Novemba 2014, tulipata kitenzi: ameniblutiki. Yaani amesoma ujumbe wangu na akanyamaza. Kabla ya hapo kutojibiwa kulikuwa na visingizio vingi, labda simu imezima, labda hakuna mtandao. Alama mbili zikaondoa visingizio vyote, na neno likaja kutaja maumivu yaliyobaki.

Na "fuliza" je? Katika kamusi ni kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Mwaka 2019 Safaricom ikalipa jina hilo huduma ya kukopa pale salio la M-Pesa linapopungua. Leo ukisema "niko kwa Fuliza", unasema mfuko umetoboka. Lakini sikiliza linavyotumika kati ya marafiki. Mmoja anaomba elfu mbili, mwingine anajibu, "Bro, hata mimi niko kwa Fuliza." Amekataa, lakini hajasema sikuamini, hajasema hulipi madeni. Amesema tuko shimo moja. Urafiki umepona kwa sababu neno lilikuwepo la kuuokoa. Sijui mhandisi gani angeweza kupanga jambo hilo mapema.

WANAOCHUKUA NENO BILA UHUSIANO

Sasa ugomvi wangu. Kuna kampuni moja ya mikopo ya simu, jina nalihifadhi, iliyokuwa ikinitumia ujumbe hivi: "Niaje msee! Uko na limit mpya, kopa sasa." Furaha tele. Siku ya kulipa ilipokaribia ujumbe ukabadilika: "Mpendwa mteja, unakumbushwa..." Sikuwa msee tena. Nikajaribu kujibu, na nikaarifiwa kwamba namba ile haipokei ujumbe.

Tumia kile kipimo chetu. Mtu anayekuita msee kutoka kwa namba isiyoweza kujibiwa hajakuita msee. Amechukua funguo ya chumba chenu akaingia kuuza. Na kila anayefanya hivyo hulichakaza neno haraka zaidi, wenye neno wakalazimika kuhama.

Wanasiasa ndio mabingwa wa mchezo huu. "Hasla" lilikuwa neno la mtaani la mtu anayejitafutia riziki kwa jasho na ujanja kidogo. Wawili wakiitana hivyo walikuwa wanakiri kwamba hakuna aliyewashika mkono. Kampeni za 2022 zikalifanya bendera, na tarehe 30 Novemba mwaka huo likawa jina la mfuko wa mikopo wa serikali. Neno la watu wasiotarajia chochote kutoka kwa serikali sasa limepigwa muhuri na serikali! Siku hizi ukimwita mtu hasla, lazima uso wako ueleze kama unamsifu, unamtania au unampima chama.

Lakini mfano ulio bora ni "sipangwingwi". Mwaka 2021 msanii Exray, pamoja na Trio Mio na Ssaru, walitoa wimbo wenye jina hilo. Mzizi ni kupanga. Mtaani kupangwa ni kuamuliwa mambo na mtu mwingine, au kulaghaiwa kwa maneno matamu, na huo mkia wa mwisho ni uchezaji tu wa ulimi. Kijana akisema sipangwingwi anasema sipangiwi maisha. Kambi ya William Ruto ikalichukua ikalitia wingi, hatupangwingwi, likawa la kuwaambia wapinzani. Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ikatoa orodha ya maneno iliyoyahesabu kuwa ya chuki, na hatupangwingwi likawemo.

Hebu fuata safari hiyo. Kwanza ni vijana wanacheza. Kisha ni mwanasiasa anamwambia mpinzani wake. Kisha ni tume ya serikali inawaambia wananchi. Katika mwaka mmoja hivi neno limekuwa furaha, tambo na kosa, na kilichobadilika katika herufi zake ni kiambishi cha nafsi peke yake.

ORODHA NA HATARI YA KWELI

Sitaki uondoke hapa ukidhani ninacheka tume. Maneno yamewahi kuua katika nchi hii. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na maneno kama "madoadoa" na "kwekwe" yalikuwa sehemu ya matayarisho. Katika Bonde la Ufa, kumwita jirani yako doa au kwekwe kulikuwa ni kumwambia kwamba yeye ni wa kufutwa, wa kung'olewa. Aliyeambiwa alielewa. Hakuwa na neno la kurudisha, alikuwa na watoto wa kubeba.

Lakini chui naye ana madoadoa. Shamba lina kwekwe. Ukiweka maneno hayo kwenye orodha ya kompyuta, mkulima wa Kitale anayeuliza dawa ya kwekwe katika mahindi atazuiwa, na mchochezi ataamka kesho na neno jipya. Jambo hilo ndilo linalonisumbua kuhusu orodha: huchelewa kwa wabaya na huwahi kwa wasio na hatia.

Na wakati mwingine neno lenye makali huwa ndilo tamu kuliko yote. Juni 2024, vijana walipokuwa wakipinga Mswada wa Fedha, namba za simu za wabunge zilisambazwa mtandaoni na wito ukawa mmoja: msalimieni. Kusalimia! Neno la kwanza tunalomfundisha mtoto. Likawa na maana ya kumjaza mbunge ujumbe na simu mfululizo mpaka asikie. Chujio gani duniani lingezuia "msalimie mheshimiwa"? Na uwe uliunga mkono mbinu ile au hukuiunga, tazama kilichofanyika kwa uhusiano. Miaka yote mwanasiasa ndiye anayetusalimia, yeye ana kipaza sauti, sisi tuna masikio. Mara hii salamu ilirudishwa.

Je, kuna aliyewahi kulifanya jambo hili vizuri? Yupo, na ni wa hapa hapa. Mwaka 2012, kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, iHub Research na Ushahidi walianzisha mradi ulioitwa Umati wa kufuatilia kauli hatari mtandaoni. Waliajiri watu wa kusoma, si wa kuhesabu maneno. Walisoma Kiswahili, Kiingereza, Sheng na lugha kadhaa za jamii zetu. Na waliegemea mfumo wa msomi wa Marekani, Susan Benesch, ambao huuliza maswali matano: anayesema ana ushawishi gani, wanaomsikiliza wako katika hali gani, kauli yenyewe inasema nini, historia ya mahali ni ipi, na ujumbe umesambazwa kwa njia gani. Hesabu mwenyewe: katika matano, neno lenyewe ni moja tu.

BASI TUFANYE NINI?

Kwa wenzangu wanaounda programu, nina mapendekezo manne. Hayagharimu sana.

1. Tazama mazungumzo, usitazame neno. Kama watu wawili wameandikiana kwa miaka miwili na "fala" inaenda na kurudi kati yao, waache. Kama inatoka upande mmoja tu, mara kumi kwa siku, kwa mtu asiyejibu, hapo pana jambo, hata kama neno lenyewe ni "mpenzi".

2. Kitufe apewe anayeambiwa. Yeye ndiye anayejua kama ameumia. Programu imrahisishie kunyamazisha, kuzuia na kulalamika, na lalamiko lisomwe na mtu.

3. Ukilazimika kuwa na orodha, kila neno liwe na safu tatu zaidi: nani kwa nani, wapi, na tarehe ya kukaguliwa tena. Tarehe ikipita bila mtu wa mahali hapo kulithibitisha, neno litoke lenyewe. Na huyo mtu wa mahali hapo alipwe, maana anayoifanya ni kazi.

4. Mashine isijifanye beshte. Nikiandikia mfumo wa benki saa sita usiku kwa sababu pesa zangu hazionekani, sitaki kuitwa msee. Niambie "Habari, tumepokea malalamiko yako", kwa Kiswahili kisafi. Hicho ndicho Kiswahili cha kuzungumza na mtu usiyemjua, na kinaifanya kazi hiyo kwa adabu tangu zamani. Umbali nao ni heshima.

Hilo la nne ndilo jibu langu pia kwa walimu wanaosema Sheng inaua Kiswahili. Ninaziona zikigawana kazi. Moja ni ya sebuleni, nyingine ni ya jikoni. Wa kulaumiwa ni anayeingia jikoni kwa watu bila kubisha hodi.

Najua kuna atakayeniambia kwamba programu za siku hizi zinazoandika kama binadamu zitajifunza yote haya. Huenda zikajifunza maneno. Lakini zinasoma kilichoandikwa na kuwekwa wazi, na neno la mtaani huishi mdomoni na katika magumzo ya faragha. Linapofika kwenye tangazo ambalo mashine inaweza kulisoma, wenyewe wameshabadilisha kufuli. Mashine itakuwa daima inasema "niaje" kama yule baba mezani. Kusema kweli, sioni hasara.

Ninachokubali ni kwamba kufuli hizi huumiza pia. Kijana anayekuja Nairobi kutoka Lodwar au Lamu na Kiswahili chake safi huchekwa wiki ya kwanza kana kwamba yeye ndiye asiyejua lugha. Kama wewe ni mwenyeji, mfundishe maneno mawili matatu kabla ya kumcheka. Naye akufundishe yake, hasa yule wa Lamu, maana ana mengi.

Juma lijalo tutarudi kwa seva, naahidi. Kwa sasa nakuomba kitu kimoja hapo chini kwenye maoni. Niandikie neno moja uliloitana na rafiki yako shuleni ambalo leo huwezi kumwita mtu mwingine yeyote. Usinieleze maana yake. Niambie tu ulikuwa unamwita nani, na kama mpaka leo anakuitikia.